Ukwaju, Magadi na Mkono Wako

Inuka, nenda bafuni, hesabu chupa. Ya vioo, ya sakafu, ya choo, ya masufuria, ya madoa, na ile ya kupuliza hewani ili sebule inukie ua ambalo hakuna mti duniani umewahi kulizaa. Kila moja uliinunua kwa sababu ya picha ya ubavuni: mama anatabasamu, sakafu inametameta. Sasa igeuze usome upande wa nyuma. Mara nyingi kiungo cha kwanza ni maji. Maji, ndugu yangu! Umebanana kwenye daladala kutoka Kariakoo hadi Mbagala, umepakata maji yaliyotiwa rangi.

Sina ugomvi na viwanda. Sabuni ni sabuni, na mche wa sabuni unaokatwa vipande pale dukani kwa Mangi bado haujapata mpinzani. Ninalokuambia ni kwamba uchafu wa nyumbani una tabia chache, na ukizijua huhitaji tangazo likufundishe kusafisha kwako. Mafuta na jasho huyeyuka mbele ya magadi. Kutu, magamba ya chumvi ya maji na weusi wa vyombo husalimu amri kwa uchachu. Masizi yanataka kusuguliwa. Unyevu na harufu vinaogopa jua na upepo. Basi. Jua na upepo hulipii, na vingine utavipata gengeni kwa chenji iliyobaki kwenye nauli.

Tuanze na sufuria la alumini, maana ndilo linalotuaibisha wageni wanapochungulia jikoni. Umechemshia maji ya kisima miezi na miezi, ndani limekuwa jeusi, umelisugua kwa stiliwaya hadi vidole vimechubuka, na weusi uko palepale. Weusi ule haukwanguliwi, unayeyushwa. Chukua ukwaju wa kujaa kiganja, pamoja na kokwa zake, utie ndani ya sufuria hilohilo, jaza maji yapite pale weusi unapoishia, chemsha dakika 10 hadi 15. Huna ukwaju? Tia maganda ya ndimu ulizokwisha kuzikamua, yale yaliyokuwa safarini kwenda jalalani. Mwaga, pitisha dodoki kidogo, suuza. Alumini itaurudia weupe wake, na utajiuliza vidole vyako vilikosa nini miaka yote hiyo.

Nje ya sufuria ni habari nyingine. Kule kuna masizi, na masizi hayajali uchachu. Wapishi wa shughuli wanaopikia kuni wana dawa yake: kabla ya kuteleka, hulipaka sufuria udongo au sabuni upande wa nje. Masizi hushika juu ya ule upako, na wakati wa kuosha yanaondoka nao. Ukisahau kupaka, majivu yaliyochekechwa na kumbi la nazi vitakumalizia kazi, ila suuza mara moja, kwa sababu majivu mabichi yakilala juu ya alumini huiachia baka.

Watu wa mwambao hawakungoja redio iwafundishe haya. Masinia ya shaba, madele ya kahawa, vifundo vya shaba kwenye milango ya nakshi kule Unguja na Lamu: vyote hivyo vinang'arishwa kwa ukwaju, au kwa ndimu na chumvi. Bibi aliyeyafanya hayo hakujua jina la asidi yoyote. Alijua kinachofanya kazi. Wewe umesoma hadi kidato cha nne, unashindwa nini?

Uchachu huohuo ndio dawa ya birika la umeme. Wakazi wa Dar es Salaam wanaotumia maji ya kisima chenye chumvi wanayajua yale magamba meupe yanayojipanga ndani, yanayolifanya birika lichelewe kuchemka na kula umeme bure. Nusu siki, nusu maji, chemsha, acha saa moja, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara moja ili kuondoa harufu. Kichwa cha bomba la mvua kilichoziba kifungie mfuko wa plastiki wenye siki usiku kucha. Siki ya kawaida ina asidi ya kama asilimia 5 tu, na hiyo inatosha.

Halafu magadi. Hapo ndipo ninapotaka ukae wima. Bonde la Ufa limetupa Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya, na magadi yamejaa humo. Kampuni ya kuyachimba Ziwa Magadi iliundwa mwaka 1911, na reli ikajengwa ili kuyasafirisha kuelekea pwani. Yanakwenda wapi? Kwenye viwanda vya kioo na vya sabuni ya unga. Yaani ndugu wa damu wa kile unachotia kwenye makande ili mahindi yalainike ndicho kinachopita viwandani, kikapewa rangi ya samawati na jina la kigeni, kikarudi dukani kwako ndani ya pakiti.

Koroga magadi, kijiko kimoja cha chakula, katika lita moja ya maji ya moto. Futia ukuta wa nyuma ya jiko, ule uliopigwa na mafuta ya chapati hadi unanata. Loweka humo matambara ya jikoni na kola za mashati. Vaa glavu, au angalau mfuko wa plastiki mkononi, kwa sababu magadi hayajui kutofautisha mafuta ya samaki na mafuta ya ngozi yako. Na usiyapeleke kwenye lile sufuria la alumini! Magadi huila alumini, yatakurudishia weusi uleule uliotoka kuuondoa kwa ukwaju. Hariri na sufu nazo zikae mbali.

Kuna mchezo umeenea siku hizi: mtu anachanganya siki na magadi, povu linafoka, anashangilia kama aliyefunga goli. Povu lile ni vitu viwili vinavyouana. Likitulia, umebaki na maji yenye chumvichumvi yasiyo na nguvu ya chochote kati ya vile viwili. Kimoja kwa wakati wake. Na uchachu usiupeleke kwenye sakafu ya terazo wala ya marumaru ya jiwe halisi (zile zinazochomwa kiwandani hazina shida sana), kwa sababu jiwe hilo lina chokaa, na asidi italipotezea mng'aro usiorudi kwa deki.

Sasa harufu, na hapa nitasema wazi: manukato ya kupuliza ni njia ya kuficha uvivu. Nyumba inayonuka ina kitu kinachonuka. Kitafute. Ni godoro ambalo halijaona jua tangu lihamie. Ni tambara la deki lililokunjwa likiwa bichi. Ni zulia lililomwagikiwa maziwa wakati wa sikukuu. Toa nje, anika, piga fimbo, fungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite. Ukishamaliza, hapo ndipo udi una heshima yake. Chetezo, makaa mawili, kipande cha udi au ubani, moshi upite kwenye nguo na mapazia. Dirisha liwe wazi, na kama kuna mwenye pumu nyumbani, achana nao kabisa. Kwenye kabati weka karafuu chache ndani ya kifuko cha kitambaa: nondo hawazipendi. Pakacha la nafaka tia majani ya mwarobaini yaliyokauka kivulini.

Lipo jambo ambalo sitakubali ulifanyie ujasiri wa kijinga. Kukiwa na kipindupindu mtaani, au mgonjwa anaharisha au kutapika nyumbani, ndimu na majivu haviwezi kuchukua nafasi ya klorini. Tumia jiki kama ilivyoelekezwa kwenye chupa. Na jiki isikutane kamwe na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi inayochoma mapafu, na bafu zetu nyingi ni ndogo na dirisha lake ni tundu tu. Isikutane na mkojo pia: kabla ya kuimwaga chooni, mwaga maji mengi kwanza. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda. Mtoto hasomi, anaona soda.

Sasa nikuulize: ni nani anayesafisha kwako? Ukijibu "mama" au "dada wa kazi" peke yake, hapo ndipo penye tatizo kubwa kuliko masizi yote. Nyumba safi kwa gharama ndogo inadai mikono, kwa sababu kile ulichokuwa ukimlipa mwenye kiwanda sasa unakilipa kwa kusugua. Mikono hiyo iwe ya wote. Kijana wa miaka kumi na mitano anaweza kuchemsha ukwaju. Baba anayeosha gari lake hadi matairi yanang'aa anaweza kushika dodoki. Na dodoki lenyewe lipandeni: mbegu ndogo tu, uzio wowote, likikauka unalimenya unapata sponji itakayokusuguia vyombo, na ikichakaa unaitupa kwenye mboji.

Jumamosi hii usinunue hata moja ya chupa zile za bafuni. Pita gengeni uchukue ukwaju, ndimu na magadi, pita dukani uchukue mche wa sabuni na siki. Anza na sufuria jeusi kuliko yote, nenda ukutani nyuma ya jiko, toa magodoro nje kabla jua halijawa kali, maliza na choo. Fedha ya chupa ulizoziacha rafuni iweke kando mwezi mzima, kisha nunua ndoo imara yenye mfuniko na ufagio wa pili wa chelewa, ule wa yule anayesema ufagio ulikuwa umeshikwa na mtu mwingine.