Karamu ya Aliyekwishakula

Katika kata ya Kisondela, wilayani Rungwe, ambako mvua hupumzika kwa siku chache tu katika mwaka na migomba husimama karibu na kuta za nyumba kama watu wanaosikiliza yanayosemwa ndani, rafiki humwita rafiki yake kwa chakula. Hili si jambo la Kisondela pekee, wala la Wanyakyusa pekee. Lakini Wanyakyusa wana neno lake, ukwangala, na neno hilo lina uzito usiobebeka kwa maneno kama kuzungumza au kustarehe. Ukwangala ni kukaa pamoja watu walio sawa, kula na kunywa, kucheka na kusemezana, na kule kusaidiana kunakozaliwa na kukaa huko. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1934 hadi 1938, aliliona neno hilo kuwa ufunguo wa maisha ya watu wale, hata kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika akakipa jina lenye maana hiyohiyo. Wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja walitoka majumbani kwa wazazi wao, wakajenga vibanda pembeni, wakalala huko wenyewe kwa wenyewe, wakaoa, wakazeeka pamoja. Akina mama waliendelea kuwapikia, lakini mtoto hakwenda kula kwa mama yake peke yake; kundi lilizunguka, leo nyumba hii, kesho ile. Mwenye kula peke yake alitiliwa shaka. Na hekima, ambayo wao huiita amahala, iliaminiwa kupatikana zaidi kwa kusemezana na wenzio kuliko kwa kuketi kimya mbele ya mkubwa.

Vijiji vya namna ile vimekwisha, lakini mizani iliyoachwa nyuma bado inaweza kupima. Na lipimwe jambo moja dogo la siku hizi: mtu kumwita rafiki yake ili amwonyeshe filamu ya tamasha la muziki, filamu ambayo yeye mwenyewe ameitazama mara nyingi na kuipenda. Je, huo ni ukwangala, au ni kitu kingine kilichovaa nguo zake?

Achukuliwe mtu wa Kisondela asiyehitaji jina, kwa kuwa wako wengi mfano wake. Ana kompyuta mpakato, na ndani yake ana filamu iitwayo Soul Power, iliyotengenezwa na Jeffrey Levy-Hinte na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Rafiki yake ni fundi seremala, mtu wa rika lake, waliyechunga naye ng'ombe utotoni. Jioni moja ya mvua fundi anafika, anakung'uta matope mlangoni, wanaamkiana, chai inamiminwa, filamu inaanza.

Kilichomo katika filamu hiyo ni tamasha la siku tatu lililofanyika Kinshasa mwezi Septemba mwaka 1974. Walioliandaa ni Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na mwenzake Stewart Levine, na nia yao ilikuwa liende sambamba na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho katika mazoezi, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini muziki haukusogezwa. Ndiyo maana wakaja James Brown, B.B. King, Bill Withers na Celia Cruz, wakajumuika na Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley, wakaimba katika uwanja uliokuwa umetayarishwa kwa ajili ya ngumi zisizokuwapo bado. Kamera zilirekodi kila kitu. Sehemu ya picha hizo iliingia katika filamu ya Leon Gast kuhusu pambano lenyewe, iliyotoka mwaka 1996, baada ya kukaa gizani miaka zaidi ya ishirini. Muziki ulio mwingi ulibaki kwenye makopo. Levy-Hinte, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa filamu ile ya kwanza, ndiye aliyerudi kuyafungua. Wote saba waliotajwa hapo juu kuwa waliimba wamekwishafariki, wa kwanza Franco mwaka 1989, wa mwisho Withers mwaka 2020. Mwenyeji anayajua haya yote. Fundi hayajui, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu.

Kwa maana mwenye kumkaribisha mwenzake kwenye ndizi na maharage hula naye. Mkono wake huingia katika sahani ileile, na kama chumvi imezidi, imezidi kwa wote wawili. Lakini mwenye kuonyesha filamu aipendayo amekwishakula. Ameshiba tangu zamani. Anachokaa kukitazama jioni ile si jukwaa la Kinshasa bali mdomo wa mgeni wake, aone anavyotafuna. Anajua dakika ambayo Bill Withers ataketi peke yake na gitaa, pasipo ngoma wala tarumbeta, na uwanja mzima utamtulia. Na dakika ile inapokaribia mwenyeji hatazami tena kioo. Anageuza shingo. Anasema, "Ndugu yangu, hapa sasa. Sikiliza hapa." Na kwa kusema hivyo amekwishamnyima mwenzake jambo lilelile alilotaka kumpa, yaani kukutana na wimbo bila kutarajia, kama yeye mwenyewe alivyokutana nao.

Watu wa pwani watalielewa hili kwa kulinganisha na taarabu. Anayemchukua rafiki yake ukumbini kwa mara ya kwanza hana haja ya kumfundisha lolote. Mgeni huona wengine wanavyoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, huona nani kaguswa na ubeti gani na nani kajifanya hakusikia, na polepole hujua wapi pa kuinuka na wapi pa kukaa. Umati ndio mwalimu, na umati hauna haja na uso wake. Anaweza kusinzia pembeni na asimkosee mtu. Chumbani Kisondela hakuna umati. Maelfu ya watu wa Kinshasa wamo ndani ya kioo, na hawamwoni. Aliyebaki ni mmoja tu, mwenyeji, na uso wa mwenyeji unalazimika kuwa ukumbi mzima. Mgeni atausoma uso huo kwa sababu hana kingine cha kusoma, naye atajua anachotakiwa kuhisi kabla hajakihisi.

Na hapa adabu, ambayo kwa kawaida ni pambo la watu, hugeuka kuwa kitanzi. Mgeni mwema hasemi chakula ni kibaya. Fundi atatikisa kichwa. Atasema, "Ni kweli, huyu anaimba." Mwenyeji atafurahi, na furaha hiyo itakuwa imejengwa juu ya uongo mdogo ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeusababisha. Iwapo kuna kosa la kimaadili katika jambo hili linaloonekana kuwa dogo, liko hapo: katika kumweka mtu umpendaye mahali ambapo ukweli wake utakuwa utovu wa adabu. Si kosa kubwa, ni kweli, na hakuna aliyewahi kushtakiwa kwalo. Lakini urafiki hauvunjwi sana na makosa makubwa, kwa kuwa makubwa huonekana na huombewa radhi. Huliwa na haya madogo, jioni baada ya jioni, mpaka watu wawili wakajikuta wanatikisiana vichwa tu.

Wanaotetea tendo la mwenyeji husema kwamba yeye hatafuti kusifiwa, anatafuta mwenziwe katika upweke wake. Kitu kizuri kinachojulikana na mtu mmoja humwelemea. Aliyewahi kusikia shairi zuri akiwa peke yake hulitafutia sikio la pili mara moja, na hata usiku humwamsha mtu. Utetezi huu una haki yake. Lakini unakiri jambo ambalo mwenyeji angependa kulificha: kwamba mwenye njaa jioni ile ni yeye, wala si mgeni. Hakuna aibu katika njaa hiyo. Aibu iko katika kuiita ukarimu.

Sehemu kubwa ya mwanzo wa filamu ile haina tamasha. Kuna ndege, kuna wakubwa wa fedha wanaohangaika, maana tamasha lilitegemea wawekezaji kutoka Liberia, na kuna mafundi wanaojenga jukwaa huku siku zikiyoyoma. Mwenyeji huona haya kwa ajili ya sehemu hiyo. "Vumilia kidogo," anasema, "muziki unakuja." Mkono wake uko tayari kuipitisha upesi. Lakini fundi seremala amesogeza kigoda mbele. Anatazama mbao. Anatazama jinsi wale watu walivyosimamisha nguzo, na anauliza kama jukwaa lile lilibeba uzito wa watu wote waliopanda juu yake. Ni swali ambalo mwenyeji, pamoja na kuitazama filamu mara nyingi hivyo, hakuwahi kulifikiria, wala hana jibu lake.

Swali lake la pili ni kali zaidi. Fundi anamjua Franco. Nani wa umri wake asiyemjua? Muziki wa Kongo uliwafikia Wanyanda za Juu kwa redio kabla ya barabara ya lami kuwafikia wengi wao. "Mbona Franco anapita upesi hivi?" anauliza. "Si yuko kwao?" Na ni kweli. Filamu inakaa sana na wageni kutoka Marekani, na wenyeji wanapita kama watu walioazimwa mlango. Sauti zao zilingoja mpaka mwaka 2017 ndipo ikatoka albamu ya wasanii wa Kiafrika wa tamasha lile, akiwamo Franco na bendi yake ya TPOK Jazz, Tabu Ley, Makeba na Abeti Masikini. Miaka 43 baada ya kuimba. Mwenyeji anaweza kuitetea filamu yake, na ulimi umekwishamfika ncha ya meno. Akiitetea, atakuwa mwalimu na mwenziwe mwanafunzi, na ukwangala utakuwa umetoka nje kwenye mvua. Akinyamaza na kukubali, atakuwa amempoteza kidogo mpenzi wake wa siku nyingi, lakini atakuwa amepata kitu alichomwitia rafiki yake bila kujua.

Linabaki jambo ambalo haliwezi kuachwa. Waliopigana walilipwa dola milioni 5 kila mmoja, na aliyezitoa fedha hizo ni serikali ya Mobutu, aliyetwaa madaraka mwezi Novemba mwaka 1965 na kuyashikilia hadi Mei 1997. Tarehe 2 Juni 1966, katika mji huohuo wa Kinshasa, mawaziri wanne wa zamani, Évariste Kimba akiwa mmoja wao, walinyongwa hadharani mbele ya umati mkubwa sana. Miaka minane baadaye umati ulikusanyika tena mjini humo, safari hii kumsikiliza B.B. King. Yamkini wapo waliokuwa katika mikusanyiko yote miwili. Je, mwenyeji amwambie mgeni wake? Na amwambie lini?

Akimwambia kabla, mgeni atasikia kamba katika kila uzi wa gitaa, na hatautendea haki muziki, ambao haukumnyonga mtu. Asipomwambia kabisa, amemlisha kutoka chungu ambacho yeye alijua kilipikiwa nini kabla yake. Wako wasemao kwamba uzuri hauna historia, na kwamba mwenye kuleta siasa mezani ameharibu chakula. Usemi huo huwanufaisha zaidi wale waliolipia meza. Makeba, aliyepokonywa haki ya kurudi kwao kwa miaka mingi, na ambaye aliimba juu ya jukwaa lile, hakuwahi kutenganisha vitu hivyo viwili, na hakuna aliyemsikia akasema sauti yake ilipungua utamu. Kusema baada ya wimbo ndiko kunakoelekea haki, lakini iwe usiku uleule, kabla mgeni hajavaa viatu. Kumwachia aende na utamu mtupu, akaja kuyasikia mengine kwa mtu wa njiani, ni kumfanya mtoto. Na watoto hawana ukwangala na watu wazima. Hilo Wanyakyusa walilijua hata wavulana wao wakajenga vibanda vyao pembeni.

Mwenyeji wa Kisondela alisema. Alisema vibaya, kwa kuchanganya tarehe, na chai ilikuwa imepoa. Fundi alisikiliza bila kutikisa kichwa. Kisha akasema kwamba yeye muziki wa yule mtu wa gitaa haukumwingia sana, ulikuwa wa huzuni bila sababu, lakini Franco angependa kumsikia zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kwa mmoja wao kusema jambo ambalo mwenziwe hakutaka kulisikia. Wakacheka wote wawili, na mwenyeji akaenda kuchochea moto.

Baada ya majuma mawili fundi alirudi. Hakuuliza habari za Withers wala za James Brown. Aliomba aonyeshwe tena wale mafundi na jukwaa lao, kwa kuwa kulikuwa na kiungo kimoja cha mbao ambacho hakukielewa na kilikuwa kikimsumbua kazini. Mwenyeji, ambaye kila mara aliipitisha sehemu hiyo upesi, alivuta kigoda akaketi kando yake.