Motokari ya Marehemu Yauzwa Bei Gani?

Kijana mmoja, fundi wa motokari, mkaaji wa Goma, ametuletea swali. Ametuomba tusitaje jina lake wala mtaa wake, nasi twamtii. Swali lenyewe laonekana dogo, la dola na vyuma, walakini tumelizungumza siku nyingi kati yetu, wala hatukupatana upesi.

Jirani yake, mama mjane, anayo motokari ya marehemu mumewe. Ni Peugeot 504, lakini si ile ya milango minne ambayo wazee wetu wote waijua. Ni ile ya milango miwili, ya chini, ya mwendo wa mbio, ambayo umbo lake lilichorwa na Pininfarina, mafundi wa Torino, Italia. Namna hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1969, ikakoma mwaka 1983, na mojawapo ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari kule Kenya mwaka 1978, akiiendesha Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. Ile ya mama imefunikwa turubai, magurudumu yake yamekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Mvua ya Goma, ambayo moshi wa Nyiragongo huitia ukali hata ikala mabati ya nyumba, imeila nayo pembeni. Haijatembea miaka mingi.

Mama ataka kuiuza kwa dola 700. Hesabu hiyo hakuiota; aliwauliza watu. Mmoja alimwambia bei ya chuma chakavu, mwingine bei ya kioo na viti, akajumlisha. Tena ana haraka. Tangu Januari 2025, M23 walipoingia mjini na benki zikafunga milango, akiba ya mwanawe ilikwama, nao wajukuu watatu wadaiwa ada ya shule.

Fundi alipofungua turubai aliona jambo ambalo mama halijui. Namba zilizochongwa katika mtambo zapatana na karatasi za kwanza za motokari. Tena chini ya kitanda cha mama kuna sanduku, na ndani yake imo pampu ya kuingiza petroli, ile ile iliyotoka kiwandani. Marehemu aliiondoa ilipomsumbua, akaweka karibireta ya kawaida, lakini pampu hakuitupa. Mama aiita “vile vyuma vya Papa.” Fundi alipiga picha kwa simu, akampelekea rafiki aliyesoma naye, ambaye sasa akaa Liège. Jibu likaja: yuko mtu huko apendaye motokari za zamani, naye atatoa dola 6,000 ikimfikia mzima Mombasa pamoja na pampu yake.

Basi fundi auliza: “Nikimlipa mama zile 700 alizozitaja kwa kinywa chake, je, nimemwibia?”

Watu wengi tuliowauliza walijibu bila kufikiri: Hapana. Mama ndiye aliyetaja bei, hakuna aliyemshika mkono. Biashara ni maelewano, walituambia. Neno hilo ni jema, nasi twalipenda, lakini na tulisikilize vizuri. Kuelewana ni wawili kuelewa, huyu na yule. Ambapo mmoja aelewa na mwenziwe haelewi, pana mapatano, ndiyo, na pengine pana sahihi na mashahidi, maelewano bado.

Lakini tusiende mbio kumhukumu kijana, maana bei ya kitu kama hiki ni ngumu kweli kuijua. Angalia chukudu. Kila mtu wa Goma ajua thamani ya chukudu. Akitazama ubao wa mkaratusi, unene wake, magurudumu na mpira uliofungwa juu yake, na magunia mangapi ya viazi iweza kushusha kutoka vilimani, basi ataitaja bei, na jirani yake ataitaja karibu ile ile. Walimu wa Salamanca, Hispania, katika karne ya 16, walifundisha kwamba bei ya haki ndiyo hiyo: makadirio ya watu wote sokoni, pasipo hila. Kwa chukudu fundisho hilo latosha kabisa. Lakini soko la 504 ya milango miwili liko wapi katika Goma? Haliko. Muuzaji ni mmoja, na mnunuzi ni mmoja, na wengine wote hupita wakicheka.

Tena hapa pana mizani miwili ipingayo. Katika mizani ya Goma twauliza: Yatembea? Vipuri vyapatikana? Yaweza kubeba nini katika njia ya Sake? Kwa mizani hiyo, mtu akiondoa mtambo wa zamani na kuweka wa Toyota, ameipandisha bei, maana sasa itakwenda. Katika mizani ya Liège, mtu huyo ameiharibu. Huko wapima kama wapimavyo vyombo vya kale: ni ile ile, au imebadilishwa? Namba zapatana? Karatasi zipo? Shirikisho la ulimwengu la motokari za zamani, liitwalo FIVA, lahesabu kuwa motokari ya kihistoria lazima iwe imetimiza angalau miaka 30 na kutunzwa katika hali yake ya asili. Kwa hiyo uzee, ambao kwetu ni hasara, kwao ni faida, na pampu mbovu ndani ya sanduku yaweza kuwa na thamani kuliko karibireta nzima iliyo mahali pake. Mizani ipi ni ya haki? Mmoja wetu alisema ya Goma, kwa maana motokari iko Goma. Sisi wengine hatukukubali. Kahawa ya Kivu nayo iko Kivu, lakini mkulima akiuza bila kujua bei ya nje twasema wazi kwamba ameonewa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aligusa jambo hili katika Summa yake, alipoeleza udanganyifu katika kununua na kuuza. Kwa kawaida twadhani mdanganyifu ni muuzaji tu. Yeye asema mnunuzi naye aweza kuwa mdhalimu: mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba nyeupe, na mnunuzi ajua kwamba ni dhahabu, mnunuzi huyo amenunua isivyo haki, na imempasa kurudisha. Je, “vile vyuma vya Papa” si dhahabu iliyodhaniwa shaba?

Fundi wetu si mjinga. Alitujibu kwa mfano mwingine. Cicero asimulia habari za mfanyabiashara aliyefika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, jahazi lake limejaa nafaka. Njiani ameona majahazi mengine yaja nyuma yake. Je, awaambie wenyeji, ili bei ishuke, au anyamaze? Diogenes wa Babeli alimruhusu kunyamaza, mwanafunzi wake Antipater alikataa, naye Cicero akamfuata Antipater. Lakini Tomaso, alipojibu mfano huo, alisema kwamba kwa haki tupu muuzaji halazimiki kutangaza yatakayokuja, ingawa akiyasema atakuwa na wema mkubwa zaidi. “Basi,” asema fundi, “mimi nami nimenyamazia habari ya soko tu. Yule mtu wa Liège ndiye jahazi langu.”

Tulikaa na neno hili muda mrefu. Ni kweli, mnunuzi wa Liège ni habari ya soko, na kama jambo lote lingekuwa hilo, pengine tungemwachia kijana nafasi. Lakini pampu na namba za mtambo si habari za majahazi yaliyo baharini. Ni kitu chenyewe, kilicho chini ya kitanda cha mama. Yule wa Rhodes alificha yatakayotokea kesho. Fundi aficha kile ambacho mama anacho leo. Mstari kati ya mambo haya mawili si mnyofu sana, twakiri, lakini upo.

Wengine watatukumbusha mfano wa hazina katika Injili ya Mathayo: mtu aliona hazina shambani, akaificha, akaenda kuuza vyote alivyo navyo, akalinunua shamba lile. Hakumwambia mwenye shamba neno! Lakini mfano huo wafundisha furaha ya mtu yule na jinsi alivyotoa vyote. Hautufundishi kupatana bei, kama vile Bwana aliposema atakuja kama mwizi hakuusifu wizi. Sisi twapenda zaidi habari aliyoiandika Mtakatifu Augustino katika kitabu chake juu ya Utatu. Asema kila mtu adhaniwa kutaka kununua rahisi na kuuza ghali. Walakini yeye alimjua mtu mmoja aliyeletewa kitabu. Akaona muuzaji hajui thamani yake na aomba kidogo tu. Naye akamlipa bei ya haki, kubwa kuliko ile, na muuzaji akashangaa.

Sasa tuitazame jasho la fundi, kwa maana lina haki yake. Amejifunza miaka kumi chini ya motokari za watu, akilala juu ya mawe makali yanayokata mgongo. Kama asingejua, turubai lingebaki turubai, na mwisho wake vyuma vingekatwa kwa kupimwa kilo. Daktari auza ujuzi wake, hakuna anayemlaumu. Tena ana hatari: kuipitisha Grande Barrière, Rwanda nzima, Uganda, kuingia Kenya kwa Malaba, hadi bandarini Mombasa, na kila mahali karatasi na mihuri. Yule bwana wa Liège aweza kubadili nia. Fundi amehesabu kwamba matengenezo, njia na ushuru vitakula dola 2,600. Anayesema mama alipwe 6,000 zote hajawahi kusukuma motokari.

Jambo moja lilitutatiza zaidi. Marehemu mwenyewe aliipataje? Mwaka 1974, miezi michache baada ya serikali ya Mobutu kutangaza, tarehe 30 Novemba 1973, kwamba biashara na mashamba ya wageni yatatwaliwa. Mfanyabiashara mmoja mgeni alikuwa akifunga virago, na motokari hii ikauzwa siku mbili kabla ya kuondoka kwake, kwa bei ya mtu aliye mbioni. Mama asimulia habari hiyo akicheka. Basi fundi atuuliza: “Kama Papa alinunua kwa haraka ya mwenziwe, mbona mimi nisinunue kwa haraka ya mama?” Hapo twasema bila kusitasita: haraka ya mtu si kitu cha kuuzwa wala kununuliwa. Tomaso asema vivyo hivyo juu ya muuzaji: shida ya mnunuzi si mali yake, asiitoze bei. Basi na ukigeuza, shida ya mjane si mali ya fundi. Kama marehemu alikosea mwaka 1974, na sisi hatujui kama alikosea, deni lake hakumdai huyu kijana aje kulilipiza kwa wajukuu.

Tena liko jambo ambalo fundi alilipita haraka, na sisi twaliona zito. Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, marehemu alimpakia mama, watoto watano na mkeka katika motokari hii yenye viti vinne, wakakimbilia njia ya Sake. Katika shauri lile lile Tomaso akubali kwamba muuzaji atakayepata hasara kwa kukikosa kitu chake aweza kuuza kwa zaidi ya thamani ya kitu chenyewe, akihesabu na hasara yake. Mama hakuhesabu hasara hiyo katika zile 700. Kioo alikihesabu.

Haya ndiyo tuliyomjibu. Kwanza amwambie mama, na amwonyeshe ile pampu ni nini. Akiisha kumwambia, kama mama bado ataka kumwuzia, amlipe 700 mara moja, kwa sababu shule haingoji Mombasa. Gharama za njia azitangulize yule wa Liège, zikatwe baadaye katika 6,000. Zikibaki 3,400, fundi atoe 700 zake, na zile 2,700 wazigawe nusu kwa nusu, 1,350 kila mmoja, na jambo hilo liandikwe mbele ya mashahidi wawili. Mambo yakiharibika njiani, mama hatarudisha kitu. Mmoja wetu alitaka mama apate theluthi mbili, akatoa sababu nzuri. Lakini wengi tuliona kwamba mwenye kubeba hatari peke yake asipewe fungu dogo. Hatusemi kwamba nusu iliandikwa mbinguni.

Kijana alisoma barua yetu, akaandika tena, na safari hii kwa ukali kidogo. “Nikimwambia, je, akimwita mwingine? Wapo komisioneri wenye fedha kuliko mimi. Nitakuwa nimefanya kazi bure.” Ni kweli, aweza kumwita mwingine. Motokari ni yake. Tulimwandikia kwamba anaweza kwanza kumwomba mama ahadi, kwamba akimfunulia jambo la faida atafanya biashara naye kabla ya wengine. Ahadi kama hiyo si hila. Lakini mama akiivunja, hatuna dawa.

Wiki iliyopita tulipata habari zake. Alikwenda jioni, akasema: “Mama, ile bei uliyonitajia si bei yake,” akalivuta sanduku na kulifungua mezani. Mama alinyamaza sana. Kisha akauliza, “Papa alijua?” Fundi akajibu kwamba bila shaka alijua, ndiyo sababu hakuitupa. Mama akasema, “Mwanangu, nipe siku chache nizungumze na watoto.” Siku hizo zimekwisha kuwa nyingi, na jibu halijatoka. Mkubwa ataka iuzwe, mdogo hataki. Fundi, huku akingoja, alileta pampu ya mkono akayajaza upepo magurudumu yote manne, maana mpira uliokaa juu ya mawe yale hukatika.