Hapa Hapana Nafasi

Yako maneno matatu ambayo mtu huyatamka bila kuona haya, akidhani hayana dhambi yoyote ndani yake. Maneno hayo ni haya: hapa hapana nafasi. Yalisikika Betlehemu usiku ule Bikira Maria alipohitaji mahali pa kujifungulia, na tangu usiku ule hayajakoma kusemwa. Juma hili twapenda kuyapima pamoja nanyi, ndugu wasomaji, kwa sababu twayasikia sana, na pengine sisi wenyewe tumekwisha kuyasema.

Tuanze nyumbani. Wasomaji wetu wa mbali huenda wamelisikia jina la Mtendeli redioni tu. Ni mahali katika nyanda za juu za Kigoma, Wilaya ya Kakonko, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kibondo. Mwaka 2015 Warundi walipoikimbia nchi yao kwa sababu ya machafuko, wengi walipelekwa kwanza Nyarugusu, katika Wilaya ya Kasulu, kambi iliyokuwa na wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 1996. Nyarugusu ikafurika. Basi kambi ya Nduta ikafunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli, iliyokuwa imepata kuwapokea Warundi miaka ya 1990, ikafunguliwa tena Januari 2016. Kabla ya mwaka huo kwisha, watu wapatao 50,000 walikuwa wamekaa pale, turubai likigusana na turubai, moshi wa jiko la huyu ukiingia katika hema la yule.

Wenyeji wakaanza kunung'unika. Nani atawalaumu? Kuni ambazo mama wa kijijini alizipata karibu na shamba lake, sasa alizifuata mbali. Maji, ambayo huko Mtendeli yalikuwa ya shida, yakawa na watekaji wengi zaidi. Wengine waliamka wakakuta mihogo yao imeng'olewa. Wakasema: Watu hawa ni wengi mno, hapa hapana nafasi.

Lakini likatokea na jambo la pili. Pakawa na soko la pamoja. Mwenyeji alileta ndizi, maharage na unga; mkimbizi alileta alichokuwa nacho. Walisikilizana bila mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni kama watoto wa mama mmoja. Wazee walisema zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kufikia mwaka 2019 masoko ya pamoja yalikuwa yamefungwa, na Desemba 2021 kambi ya Mtendeli yenyewe ikafungwa, watu wake wakahamishiwa Nduta. Nafasi ikapatikana tele. Na hapo wako walionung'unika jana ambao walijikuta wakiulizana ni nani sasa atakayenunua ndizi zao.

Fundisho la Mtendeli ni lipi? Si kwamba manung'uniko yote yalikuwa ya uongo. Kuni zilipungua kweli. Lakini dawa ya upungufu wa kuni ni kupanda miti na kutumia majiko yanayookoa kuni. Dawa ya upungufu wa maji ni kisima. Kumfukuza mwenye kiu si dawa ya kiu.

Tumeyaeleza hayo kwa kirefu kwa kuwa maneno yale yale ya huku mpakani sasa yamevaa viatu vizuri na kuhamia mijini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na kati yao 5,383,728 walikuwa katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ardhi ya mji haizai watoto kama sisi tunavyozaa. Kwa hiyo njia ni mbili. Ya kwanza ni mji kutambaa, kumeza mashamba, na kumwamsha mfanyakazi saa kumi usiku ili awahi daladala. Ya pili ni watu kukaa karibu karibu na kujenga kwenda juu. Huko Magomeni Kota, kaya 644 zilizokuwa zimeondolewa katika nyumba za chini za zamani zilingojea kwa miaka mingi, mpaka Machi 2022 yalipozinduliwa maghorofa waliyojengewa hapo hapo. Mahali palipokuwa na nyumba za chini pakapata familia zilizopangwa moja juu ya nyingine, na jua linawaangaza wote.

Lakini si kila mtaa unaopenda kuona ghorofa likiinuka jirani. Nairobi, kwa jirani zetu wa Kenya, wakazi wa Rhapta Road katika eneo la Westlands walikwenda mahakamani mwaka 2024 kupinga maghorofa marefu yaliyokuwa yakiruhusiwa mtaani mwao. Si kazi yetu kuihukumu kesi hiyo. Mahakama zina waamuzi wake. Ila hoja za namna hiyo twazisikia hata kwetu, barazani na hata nje ya kanisa baada ya Misa: maji hayatatosha, barabara zitaziba, mabomba ya maji machafu yatapasuka, mtaa wetu utaharibika.

Tuwatendee haki wasemao hivyo. Si kila apingaye ni mchoyo. Twakumbuka Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoanguka na kuua watu 36. Twakumbuka Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, jengo jingine lilipoanguka juu ya watu waliokuwa katika shughuli zao. Waliokufa walizidi ishirini. Mjenzi anayeiba saruji, na ofisa anayefumba macho kwa sababu ya bahasha, wote wawili wanachezea roho za watu, nao watatoa hesabu mbele ya Mungu. Kadhalika mwenye jengo anayepanga familia arubaini penye choo cha familia kumi, asijiite msaidizi wa maskini. Jirani anayesimama na kudai ngazi imara, maji safi na mtaro uliozibwa vizuri anafanya kazi njema, nasi twamsifu.

Tena, watu wana haki ya kuulizwa. Sisi wa Buha twalijua jambo hili. Katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 watu wengi walihamishwa kutoka katika miji yao iliyotawanyika, wakaambiwa wakae pamoja vijijini. Kukaa pamoja hakukuwa ubaya. Kilichowauma wengi ni kuhamishwa kama mizigo. Mtawala au mjenzi anayewajia wananchi na jambo lililokwisha kuamuliwa asishangae akipata upinzani.

Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, ndugu wapenzi, twajua jinsi moyo wa mwanadamu ulivyo hodari wa kujificha. Huenda nyuma ya choo na mtaro limesimama jambo jingine ambalo mtu hathubutu kulitamka. Haogopi uchafu, anaogopa wapangaji. Haogopi idadi ya watu. Anaogopa aina yao.

Hofu hii ina historia yake. Wakati wa wakoloni mji wa Dar es Salaam uligawanywa, na majina yake twayajua hadi leo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uzunguni nyumba zilikaa mbalimbali, kila moja na bustani yake. Uswahilini watu waliachiwa wabanane. Baadaye majina ya rangi yaliondolewa katika vitabu vya mipango miji, na mahali pake yakawekwa majina ya vipimo: mitaa ya watu wachache, ya watu wa kadiri, na ya watu wengi. Jina lilibadilika, ukuta ukabaki. Mwafrika aliyefanikiwa alihamia upande wa pili wa ukuta, na baadhi yetu tulipokwisha kuuvuka tuliukuta unapendeza.

Nabii Isaya aliwaona watu wa namna hii. Katika sura ya tano anawaonya wale wanaounganisha nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba mpaka wanabaki peke yao katika nchi. Maneno yake ni makali. Hawalaumu kwa sababu wana nyumba. Awalaumu kwa sababu wamemaliza nafasi ya wenzao. Nalo Kanisa limefundisha siku zote kwamba mali ya dunia iliumbwa kwa ajili ya watu wote, na kwamba haki ya mtu kumiliki kiwanja haifuti haki ya mwenzake kupata mahali pa kulala. Mwaka 1987 Roma ilitoa waraka mzima kuhusu ndugu zetu wasio na makao. Na marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, alikumbusha kwamba nyumba ni jambo la heshima ya mtu na uhai wa familia.

Basi tutaupimaje moyo wetu? Twawapa kipimo kimoja. Jiulize hivi: Nikipewa yote ninayodai, nitamkaribisha? Umesema maji hayatoshi. Haya, bomba kubwa limeletwa. Umesema barabara ni nyembamba. Haya, imepanuliwa. Umesema jengo ni hafifu. Haya, mhandisi amelikagua, ni imara. Je, sasa utafungua mlango? Ukiona moyo wako umefurahi, jua kwamba ulikuwa mtetezi wa haki. Lakini ukiona unakwenda kutafuta sababu nyingine, na baada ya hiyo nyingine tena, basi kubali, ndugu: hukuwa unaogopa mtaro. Nenda ukaungame.

Turudi katika Injili. Mtakatifu Marko anatusimulia juu ya nyumba moja ya Kafarnaumu. Bwana wetu Yesu Kristu alikuwa ndani akihubiri, na watu walijaa hata mlangoni. Wakaja wanne wakimchukua mwenye kupooza, wasipate pa kupita. Angalieni sana: wale waliojaa mlangoni hawakuwa watu wabaya. Walikuja kumsikiliza Bwana. Walifika mapema, wakapata mahali pazuri, wakatulia. Lakini migongo yao ilikuwa ukuta kwa mgonjwa. Hakuna hata mmoja anayetajwa kuwa alijisogeza hatua moja. Ikawa lazima dari litobolewe.

Sisi wengi tu watu wa mlangoni. Tulifika mapema mjini, au baba zetu walifika mapema. Tuna kiwanja, tuna hati, tuna mwembe uani. Tunampenda Mungu na twamsikiliza. Lakini nyuma ya migongo yetu kuna fundi, kuna mwuguzi, kuna dada auzaye mboga, kuna kijana aliyetoka Kasulu na begi moja, wanaolipa kodi ya miezi sita kwa chumba kinachovuja.

Enyi wazazi wa Kibondo, Kasulu na Kakonko, mnajua kijana huyo ni wa nani. Ni wenu. Babu zake waliandikishwa na SILABU wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, wakawekwa katika makambi ya watu waliobanana, na mjini walichekwa kwa lafudhi yao. Watu waliopata kuwa wageni wasiotakiwa hawana ruhusa ya kusahau. Tukitaka mtoto wetu afunguliwe mlango Dar es Salaam, tusiufunge huku kwa mtoto wa mwenzetu.

Nanyi mtakaoingia katika nyumba hizo za juu, msidhani tumewasahau. Kukaa karibu ni kazi. Redio inayopigwa usiku kucha, takataka zinazotupwa dirishani, ngazi ambayo kila mtu anangojea mwenzake aifagie, hivyo ndivyo vinavyowapa wapinzani wenu silaha. Wahenga wanasema: nyumba usiyolala hujui ila yake. Mkiisha kulala humo na kuzijua ila zake, zirekebisheni pamoja. Anzisheni Jumuiya Ndogo Ndogo katika kila jengo. Mnasali rozari ghorofa ya kwanza. Mgonjwa wa ghorofa ya nne apate uji. Hapo jirani wa upande wa pili atakayewaangalia dirishani ataona watu, wala hataona tena idadi.

Twawaomba basi mambo machache. Mkutano wa mtaa ukiitishwa juu ya ujenzi, nendeni. Msiwaachie wenye sauti kubwa peke yao. Daini kwa uthabiti kila kinacholinda uhai: msingi, maji, vyoo, njia ya kukimbilia moto. Msitie sahihi karatasi yoyote inayowakataa watu kwa umaskini wao, kabila lao au dini yao, hata kama jina la jambo hilo limeandikwa kwa maneno mazuri ya mipango miji. Na jioni, kabla ya kuzima taa, kila familia imtaje katika sala zake mtu mmoja asiye na pa kulala.

Bwana wetu, usiku ule wa mwisho, aliwaambia wafuasi wake kwamba nyumbani kwa Baba yake mna makao mengi. Sisi twatumaini kuingia humo. Humo hatutakuta bustani yenye ukuta iliyotengwa kwa ajili yetu peke yetu. Tutawakuta watu wengi wasiohesabika, wa kila taifa na kila lugha, wamekaa karibu karibu. Anayechukia ujirani huo hapa duniani, huko atakaa wapi? Tujisogeze hatua moja, ndugu zetu, ili mwenzetu apite. Mungu awabariki.