Mto Ulipohama Hola

Mji wa Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, uliinuliwa na pamba, na pamba yenyewe ilitegemea pampu. Mifereji ya skimu ya umwagiliaji ilianza kuchimbwa mwaka 1953, na waliochimba walikuwa watu waliozuiliwa kambini wakati wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 kati yao walipigwa na askari hadi kufa kwa kukataa kazi hiyo ya shuruti. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Aibu ile ilifika Bunge la Uingereza, na mji ukabandikwa jina la Galole kwa muda. Mifereji ikabaki.

Mwaka 1966 ikaundwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, ikachukua skimu. Mkulima alikuwa mpangaji tu katika ardhi ya Bodi. Bodi ililima kwa trekta, ikatoa mbegu, ikapiga dawa, ikafungua maji. Msimu ukiisha ikakata gharama zake, kilichobaki ndicho cha mkulima. Familia ilipalilia na kuchuma. Mama na watoto waliinama mstari baada ya mstari wakiivuta pamba kutoka kwenye maganda makavu yanayochoma vidole, kisha wakakaa kivulini kutenga safi na fifi, maana majani na madoa ya wadudu yalishusha bei.

Neema ilikuwepo, nisiifiche. Skimu ilifikia takriban hekta 870, na fedha za pamba zilisomesha watoto wengi.

Kisha, mwaka 1989, Mto Tana ukahama. Ulibadilisha mkondo, pampu zikaachwa mbali na maji, na skimu nzima ikaanguka. Mifereji ilikauka, mashamba yakavamiwa na mathenge, mti ulioletwa ukanda ule ili watu wapate kuni.

Wengi hapa Eastlands, Nairobi, husema mitumba ya soko la Gikomba ndiyo iliyoua pamba ya Kenya. Kwa viwanda vya nguo hoja hiyo ina uzito. Lakini pamba ya Hola ilianguka kabla soko la pamba halijaachwa huria mwaka 1991. Iliangushwa na mpango uliochukulia kwamba mto hautahama, ilhali Tana ni mto wa kuhama: katika karne ya 19 uliacha mdomo wake wa zamani ukaingia baharini kwa njia ya Ozi, kule Kipini. Wapokomo waliishi na tabia hiyo vizazi na vizazi, wakipanda mpunga, ndizi na miembe kwa kufuata mafuriko. Maarifa hayo yalikuwa palepale, mlangoni mwa skimu.

Nayaandika haya nikiwa Buruburu kwa sababu mto ule unatuhusu. Maji yetu ya bomba hutoka zaidi katika bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Bwawa hilo limezuia Mto Thika, na Thika humwaga maji yake Tana. Sisi na Hola tunategemea mto mmoja, wao chini, sisi juu.

Nyumba zetu, Fezi 1 hadi Fezi 5, zilijengwa kati ya 1973 na 1983, kila moja kwa familia moja. Leo mbele ya nyingi kuna ekstensheni ya ghorofa yenye wapangaji na maduka. Nairobi nzima inaishi kwa mgao wa maji, na siku yetu ikipita bila bomba kutoa kitu, tunawasubiri wenye mikokoteni na mitungi yao. Wengine wamechimba visima virefu, lakini maji ya visima vingi vya Nairobi yana floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto, na kina chake kinazidi kushuka kadiri tunavyovuta.

Juu ya vichwa vyetu kuna vigae vyekundu ambavyo kila masika humwaga mvua moja kwa moja kwenye mtaro. Ningependa mkutano ujao wa wakazi wa kila korti, yaani kila kundi la nyumba, uanze na hesabu hii: nyumba ngapi zina mifereji ya paa, ngapi zina matangi, na mwenye ekstensheni mpya atawapa wapangaji wake maji gani siku Ndakaini ikikauka. Mvua za Machi zisitukute bado tunajadili.