Usaha Si Ushahidi

Wanaume wengi wa huku delta wakiona usaha kwenye njia ya mkojo, neno la kwanza huwa kisonono, na la pili huwa jina la mke. Mimi ni tabibu wa zahanati Kibiti, na jioni nasomesha dini chuoni, kwa hiyo huulizwa mawili kwa pamoja: ninaumwa nini, na nani kanitenda?

Mvuvi wa kamba aliniletea yote mawili, katoka dagoni upande wa Salale. "Daktari, mimi sijatoka nje. Basi ni yeye." Alitaka karatasi ya kuwaonyesha wakwe. Nilikataa, na leo pia ningekataa.

Kisonono ni chanzo kimoja tu. Kuna klamidia, kuna mikoplazima, kuna trikomona, ambayo kwa mwanamume mara nyingi hukaa kimya. Kuna virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, hata adenovirusi, jamaa ya zile zinazoleta mafua na macho mekundu. Na wapo wagonjwa ambao hata maabara kubwa haiwapatii jibu. Klamidia yaweza kukaa miezi mingi mwilini bila dalili, kwa mume au kwa mke. Anayeanza kuumwa si lazima awe ndiye aliyeambukizwa mwisho. Huenda aliingia nayo ndoani mwenyewe. Mwili hauandiki tarehe.

Sasa tazama sheria yetu ya Kiislamu ilivyo nzito hapa. Shtaka la zinaa linataka mashahidi 4 walioona kwa macho. Mume asiye nao huapa kwa Mungu mara 4, na mara ya 5 hujiombea laana iwapo anasema uongo. Nilimuuliza: tone hili la usaha linakutosha kuutia ulimi wako kwenye kiapo hicho? Akainama. Mimi nasema halitoshi, na anayemtaliki mkewe kwa ajili ya tone hilo anamdhulumu.

Baadaye walikuja wote wawili, yeye na mkewe. Huku tunatibu kwa dalili, kisonono na klamidia kwa mkupuo mmoja. Doksisaiklini humezwa siku 7, na hawalali pamoja mpaka wamalize.

Kisha mume akauliza ataswalije nguo ikichafuka. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, usaha usipokatika, ajisafishe, afunge kitambaa, atie udhu wakati ukishaingia, aswali. Faradhi inayofuata, aanze upya.