Taa ya Nje Ni ya Nani?

Siku hizi Wakristo wengi wa vijijini hutundika wenyewe taa za jua nje ya nyumba zao, wala hawamngoji fundi. Kazi si ngumu: parafujo nne ukutani, na kibao chake kielekezwe juani pasipo kivuli cha mgomba. Mchana betri hujaa, jioni taa huwaka yenyewe. Twaisifu kazi hiyo, maana katika nchi yetu usiku huwa karibu saa 12 mwaka mzima.

Lakini liko swali: taa hiyo yamwangazia nani? Mathayo (5:15) anena habari za wote waliomo nyumbani. Luka (11:33) awataja waingiao. Basi mwenye kutundika taa nje amekwisha kuingia katika neno la Luka, ajapokuwa hajui.

Wengi huitundika kwa kumwogopa mwizi. Hofu hiyo hatuilaumu. Mbuzi ni mali. Ila hofu huielekeza taa njiani, ikampiga mpita njia machoni, naye akiisha kupita haoni shimo lililo mbele yake. Mama mzee wa jirani hulala amejifunika kanga usoni, kwa sababu mwanga umeingia dirishani mwake. Je, ametendewa mema? Twasema, sivyo, hata kama hakuna aliyekusudia mabaya.

Mwenye taa na apande ngazi tena, aiinamishe hata iangaze mfereji na kizingiti. Nuru ya manjano yafaa kuliko nyeupe kali, maana haivuti wadudu wengi. Akiuliza, Na mwizi je? twamjibu, Mwizi naye hukanyaga papo hapo.