DAWA YA MZEE NI AMANA



Je, mtu akiisha toa mali kwa ajili ya mgonjwa, amekwisha timiza haki? Tuitazame Marekani, ambako baadhi ya jamaa zetu wamehamia.

Huko, tangu sheria ya mwaka 1965, kuna bima ya serikali iitwayo Medicare, kwa wazee waliotimiza miaka 65. Wafanyakazi hukatwa kidogo katika mshahara ili mzee atibiwe. Hilo ni jema. Nasi tumesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiombaomba, akaamuru apewe riziki kutoka Baitul-mali.

Lakini bima ile haikulipa dawa nyingi ambazo mgonjwa humeza nyumbani. Mwaka 2003 ikatungwa sheria ya kuziba pengo hilo, ikaanza kazi mwaka 2006. Ajabu yake ni hii: serikali, yenye kutoa fedha nyingi, ilikatazwa kupatana bei na wenye viwanda vya dawa. Kazi hiyo waliachiwa wenye makampuni ya bima. Tena gharama ya dawa ikifika dola 2,250 kwa mwaka, bima ya kawaida ilisimama, mzee akalipa peke yake mpaka jumla ifike dola 5,100. Mama anayenunua unga wa muhogo sokoni huomba apunguziwe. Je, mwenye hazina ya taifa anyamaze?

Wako waliosema: faida ikipungua, nani atatafuta dawa mpya? Neno hilo lina uzito. Lakini si haki mzigo huo umwelemee mgonjwa. Ikapita miaka 19. Sheria ya mwaka 2022 ikaruhusu serikali kupatana bei. Dawa 10 za kwanza zikapata bei mpya mwaka 2026. Na mwaka 2025 malipo ya mzee kwa dawa za bima hiyo yakawekewa mpaka wa dola 2,000.

Ndugu zangu, anayeshika mali ya watu ni wakili. Akinunua ghali kwa uvivu au kwa kumwogopa muuzaji, amevunja amana, hata kama hakutia kitu mfukoni mwake.

Nasi hapa, mzee akiugua tunachanga baada ya sala, tunamkabidhi kijana fedha, tunakwenda zetu. Nani anauliza bei katika duka la pili la dawa? Nani anarudi wiki ya pili kuona kama dawa imekwisha? Tusiseme, "Tumekwisha changa." Tuulize, "Mzee amepata dawa?"

Wabillahi tawfiq.